Filla ya pua "bila kisu" wiki sita kabla ya harusi: jibu langu kwa dada wa Kasarani

"Daktari habari yako. Niko na miaka 29, naishi Kasarani, harusi yangu ni wiki sita zijazo. Kuna dada anafanya filla kwa apatimenti huko Kilimani, binamu yangu alienda kwake kufanya lipsi na zikatoka poa, sasa ako na ofa ya mabibi harusi: filla ya pua ndio isimame kidogo, pamoja na dripu tatu za glutathioni na vitamini C za kung'arisha ngozi, zote elfu 25. Anasema hii si upasuaji, hakuna kisu, ni dakika kumi na tano unarudi nyumbani, na kama naogopa sindano ako na ile peni inasukuma filla bila sindano. Mimi ni mweusi kabisa, chunusi zikipona zinaniachia madoa, na nikiwa fom two nilitoboa sikio ikanitoka keloidi, lile kovu linalovimba na kukua. Mama ni mtu wa Kilifi na hataki kusikia hii maneno, anasema nitaharibika. Nataka ukweli, ni salama ama si salama? Na pia binamu yangu, sasa ni miezi miwili, ameanza kuhisi kitu kigumu kama punje ya maharagwe ndani ya mdomo wa chini, huyo dada anamwambia akifinye tu kitaisha."

Dada, asante kwa kuniuliza kabla hujatuma dipoziti. Wengi wanaonifikia na maswali ya filla, yaani jeli inayodungwa chini ya ngozi kujaza au kubadilisha umbo, wanakuja baadaye, uso umeshavimba, na wanaanza kwa kuomba msamaha kama mtu aliyefanya kosa, na mimi huwa nawaambia kutaka kupendeza siku ya harusi yako si kosa hata kidogo. Wewe umekuja mapema kwa hivyo nitakujibu kwa urefu, uvumilie.

Jibu fupi kwanza ndio usisome ukiwa na wasiwasi. Pua kwa huyo dada wa apatimenti, hapana. Ile peni, hapana kabisa, kwa mtu yeyote na kwa bei yoyote. Dripu, hapana. Lakini filla yenyewe, ikidungwa na daktari anayejua mishipa ya uso na yuko tayari kwa shida ikitokea, watu wengi wanafanya na wanaendelea na maisha yao vizuri, sitakuogopesha kwa uongo. Sasa nikueleze kwa nini nimesema hivyo, kwa sababu ukiambiwa hapana tupu utaenda tu kutafuta mtu mwingine wa kukuambia ndiyo.

Hili neno "bila kisu" ndilo linawachanganya watu. Tumezoea kupima hatari kwa ukubwa wa kidonda. Kisu kikikata damu inaonekana, kila mtu chumbani anaona, na anayeshika kisu anafunga pale panapovuja. Sindano inaacha tundu ambalo hata plasta halihitaji, lakini kazi yote imefanyika chini ya ngozi ambapo hakuna anayeona, hata yule anayedunga haoni. Anaenda kwa kujua, kwa kuhisi na kwa kukumbuka ramani ya mishipa aliyosoma. Kama hakuwahi kuisoma hiyo ramani basi anabahatisha, na kubahatisha kunaweza kutoka poa mara kumi, mara ishirini, halafu siku moja kusitoke poa. Lipsi za binamu yako kutoka vizuri haituambii kitu kuhusu pua yako.

Filla nyingi za siku hizi ni asidi ya hayaluroniki. Ni aina ya sukari ndefu ambayo mwili wako unayo tayari kwa ngozi, kwa viungo na ndani ya macho, isipokuwa hii imetengenezwa maabara ikafungwafungwa iwe jeli nzito isiyeyuke haraka. Inakaa kama miezi 6 hadi 18 kulingana na aina yake na mahali imewekwa, halafu mwili unaimaliza polepole. Uzuri wake mkubwa ni kwamba kuna dawa ya kuiyeyusha, kimeng'enya kinaitwa hayaluronidasi, kikidungwa pale pale jeli inaanza kuvunjika na ndani ya saa chache hadi siku moja mbili imepungua au imeisha. Kwa hivyo ukisikia "usijali, inatoka", ni kweli inatoka, kama kweli ni hiyo, na kama dawa ya kuitoa iko hapo chumbani. Kuna watu wanadungwa silikoni ya maji wakiambiwa ni filla, na silikoni haina dawa ya kuyeyusha, inaweza kuhama kutoka pale ilipowekwa, inaweza kufanya mavimbe magumu baada ya miaka, na ikiingia kwa mshipa inaweza kufika kwenye mapafu ikaua. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuidhinisha silikoni ya kudungwa kwa ajili ya kuunda uso au kuongeza makalio. Na zote ndani ya sirinji zinafanana, jeli inayong'aa, mimi mwenyewe siwezi kuzitofautisha kwa macho bila kuona boksi na lebo.

Sasa tuje kwa pua, maana hapa ndipo moyo wangu unapiga haraka. Mishipa ya damu inayolisha pua na katikati ya nyusi imeunganika na mishipa inayotoka ndani ya tundu la jicho. Fikiria mabomba ya maji ya ploti. Tangi iko juu, maji yanashuka na kugawanyika kwenda kwa kila nyumba. Mtu wa chini akileta pampu yenye nguvu kushinda presha ya tangi, akasukuma uji mzito ndani ya bomba la jikoni kwake, huo uji utapanda kinyume hadi ufike pale bomba linagawanyika kuelekea kwa jirani, na akiachilia pampu, maji yanaanza kushuka tena yanaubeba uji yanaupeleka kwa jirani. Jirani hapa ni retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaokufanya uone. Ncha ya sindano ikiwa ndani ya mshipa mdogo wa pua na mtu akafinya sirinji kwa nguvu, jeli inaweza kurudi nyuma hadi kwa ateri ya jicho, na haihitaji sirinji nzima, matone mawili matatu yanatosha. Retina ikikosa damu inaanza kufa, na madaktari wa macho wanahesabu kama dakika 90 kabla uharibifu uwe wa kudumu, wengine wanasema hata chini ya hapo. Hiyo jeli ikipita kwa njia nyingine inaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Ni nadra, hilo lazima niseme. Mapitio ya ripoti za kitabibu yaliyochapishwa mwaka wa 2015 yalikusanya watu 98 duniani ambao macho yao yaliathirika baada ya kudungwa filla au mafuta usoni, na mapitio yaliyofuata mwaka wa 2019 yakaongeza wengine 48, na safari hiyo pua ndiyo iliongoza. Ukiweka hao karibu na mamilioni ya sindano zinazodungwa kila mwaka ni wachache. Lakini hao ni wale ambao daktari aliandika habari zao zikachapishwa, na mtu anayedungwa sebuleni kwa mtu haandikwi popote. Na kabla hata tufike kwa macho kuna shida inayotokea zaidi ya hiyo: jeli inaziba mshipa unaolisha ngozi yenyewe, na ngozi ya ncha ya pua ikikosa damu inageuka rangi, inatoka vidonda, inaoza, inaacha kovu katikati ya uso. Na kama umeshawahi kupasuliwa pua au kudungwa filla ya pua hapo awali, hatari inapanda, kwa sababu mishipa imeshahama kutoka mahali inapotarajiwa.

Hii inaweza kutokea hata mikononi mwa daktari mzoefu, mimi pia inaweza kunitokea. Ndiyo maana swali ambalo ningependa ulibebe ukienda popote si "umefanya pua ngapi?" Uliza hivi: "Mshipa ukiziba hapa sasa hivi, utafanya nini, na hayaluronidasi iko wapi?" Anayejua kazi atakujibu bila kukasirika, atakuonyesha dawa iko kwa friji, atakuambia kiasi atakachodunga, atakuambia atakuweka pale hadi damu irudi, na atakuambia ni hospitali gani na daktari gani wa macho anampigia simu jicho likiguswa. Ukiambiwa "hapa hatujawahi kupata hiyo shida", shika mkoba wako uende. Na nikuambie ukweli kwamba kwa ngozi hiyo dawa inafanya kazi vizuri ikiwahi, lakini kwa jicho hata ikiwahi wengi hawarudishiwi kuona kwao. Hii ndiyo sababu mimi binafsi filla ya pua nawakatalia wagonjwa wengi wanaokuja kuniomba, hata wakiniambia watalipa mara mbili.

Ile peni sasa. Inauzwa kama njia ya waoga wa sindano, inatumia presha ya hewa au springi kupenyeza jeli ndani ya ngozi. Hebu rudi kwa mfano wa pampu. Mtu mwenye sindano angalau anaweza kusukuma polepole, akasimama, akaangalia rangi ya ngozi, akarudi nyuma. Peni inarusha mara moja, na hakuna anayejua imefika kina gani wala imeingia wapi. Mwezi wa Oktoba 2021 FDA ilitoa onyo wazi kwa watu wasitumie na wasitumiwe hizi peni kwa midomo wala sehemu nyingine ya uso, na hata hazikuwa zimeidhinishwa. Midomo imepasuka, imetoka vimbe, maambukizi yamepita kutoka mtu hadi mtu kwa sababu kichwa cha peni kinatumika tena. Kuna vijana hapa Nairobi wanaagiza mtandaoni wanajidunga wenyewe mbele ya kioo, na hilo linanikosesha usingizi.

Umesema wewe ni mweusi kabisa, na hapa kuna jambo ambalo haliandikwi vya kutosha. Ukitafuta mtandaoni dalili za mshipa kuziba, utaambiwa angalia ngozi ikipauka iwe nyeupe, na picha zote ni za wazungu. Kwa ngozi yako huo weupe hauonekani hivyo. Unaweza kuona rangi kama ya majivu, au zambarau iliyofifia, au michoro kama ya wavu wa samaki ikitambaa kutoka mahali umedungwa, na unaweza usione chochote kwa saa kadhaa. Kwa hivyo usitegemee macho peke yake. Bonyeza hapo kwa kidole kwa sekunde chache halafu uachilie, linganisha na upande wa pili wa uso, rangi ikichelewa kurudi zaidi ya sekunde 2 hivi kuna shida. Kama ni mdomo, geuza uangalie ndani na kwenye ufizi, huko rangi inaonekana vizuri zaidi. Gusa kama pamekuwa baridi kuliko upande mwingine. Na maumivu, maumivu makali yanayozidi badala ya kupungua ni dalili kubwa, ingawa filla nyingi zimechanganywa na ganzi kwa hivyo uchungu unaweza kuchelewa hadi ganzi iishe usiku ukiwa kitandani.

Nilimpokea dada mmoja siku ya tatu baada ya kudungwa mkunjo wa kutoka puani hadi mdomoni. Siku ya kwanza uchungu, akaambiwa ni kawaida. Siku ya pili rangi imebadilika, akaambiwa ni damu imevilia aweke barafu. Siku ya tatu akatoka vipele vyenye usaha vimejipanga kando ya pua na mdomo wa juu, akaambiwa ni malengelenge ya homa, akanunua dawa ya virusi kwa kemisti. Vile vipele havikuwa malengelenge, ilikuwa ni ngozi inakufa. Tulipoanza kuyeyusha tuliokoa sehemu kubwa lakini si yote, na lile kovu bado analificha kwa meka-ap hadi leo. Barafu ilizidisha kubana mishipa ambayo tayari ilikuwa imebanwa. Siku ile ya kwanza simu moja kwa mtu anayejua ingebadilisha kila kitu.

Kwa hivyo ikitokea wewe au mtu wako amedungwa filla, popote pale, na akapata uchungu unaozidi, rangi isiyoeleweka, au vipele vya namna hiyo, asingoje kesho, atafute daktari wa ngozi au wa plastiki saa hiyo hiyo na aseme neno filla mlangoni. Na akisema haoni vizuri, anaona giza upande mmoja, kope limeanguka ghafla, kichwa kinapasuka, anatapika, mkono umelegea au maneno hayatoki, usipige simu kwa aliyemdunga kujadiliana, panda gari uende hospitali kubwa yenye daktari wa macho, kama Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na ukiwa njiani piga simu watayarishwe. Sasa fikiria umedungwa Kilimani, umerudi Kasarani, shida inaanza saa kumi na moja jioni, zile dakika 90 zinaishia kwa jam ya Thika Road.

Tuje kwa dripu, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Glutathioni si sumu, ini lako linaitengeneza kila siku, na ndiyo maana inauzwa kirahisi, "ni kitu cha asili cha mwili". Wazo lao ni kwamba ikiwa nyingi inazuia kile kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi. Shida ni kwamba ukiiingiza kwa mshipa, mwili unaivunja haraka, kwa hivyo hata mtu akiona mabadiliko hayadumu na anaambiwa arudi, arudi, arudi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Ufilipino, nchi ambayo dripu hizi zilienea sana, ilionya watu tangu mwaka wa 2011 kuhusu madhara kwa figo na ini, na mizio mikali ya ngozi ambayo ngozi inababuka kama imechomwa na maji moto. Huko Marekani mwaka wa 2019 FDA ilieleza kisa cha wagonjwa saba waliotetemeka, wakatapika na kushindwa kupumua vizuri baada ya kuwekewa glutathioni iliyotengenezwa kwa unga ambao haukuwa wa kiwango cha kudungwa. Kitu kinachoingia kwa damu moja kwa moja lazima kiwe safi kabisa, na kile chupa kinachokuja kwa mkoba kutoka dukani mtaa wa River Road au kwa mtu wa mtandaoni, nani amekipima?

Halafu vitamini C. Watu wanasema vitamini haiwezi kudhuru. Kwa kiasi kikubwa cha kwenye dripu inaweza kujaza figo na chumvi inayofanya mawe. Na kwako wewe kuna jambo la pekee, umesema mama ni wa Kilifi. Watu wa Pwani, na pia wa kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria imekuwepo miaka na mikaka, wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD, ambacho kinalinda chembe nyekundu za damu. Mtu mwenye upungufu huo anaishi kawaida kabisa, hata hajui, hadi siku anawekewa vitamini C nyingi kwa mshipa na chembe zake za damu zinaanza kupasuka, mkojo unakuwa rangi ya Coca-Cola, macho ya manjano, anaishiwa damu. Inawapata wanaume zaidi lakini wanawake pia inawapata. Kipimo chake kipo, ni cha damu tu. Huyo dada wa Kilimani alikuuliza habari ya G6PD? Alikuuliza kama unapanga mimba baada ya harusi? Hivyo ndivyo vitu daktari anauliza kabla hajafungua boksi. Kwa hivyo mama yako akisema utaharibika, hata kama hakujua jina la ugonjwa, kwa dripu tuko upande mmoja mimi na yeye.

Na uangalie pia hiyo ofa isiishie kuongezewa krimu ya kung'arisha isiyo na lebo. Nyingi nimezipeleka kupimwa au nimeona tu matokeo yake kwa ngozi: zebaki inayoharibu figo, steroidi kali inayofanya ngozi iwe nyembamba kama karatasi ya sigara, haidrokwinoni ya kiwango kikubwa inayotumiwa miaka hadi inageuza mashavu kuwa na madoa ya bluu-nyeusi ambayo kuyatoa ni kazi ngumu kupita kiasi. KEBS, shirika la viwango la Kenya, imezipiga marufuku krimu zenye zebaki na haidrokwinoni kitambo na bado zinauzwa.

Keloidi na madoa yako ni habari muhimu uliyonipa bila kuulizwa, na ningependa umwambie kila mtu atakayegusa ngozi yako. Ngozi nyeusi ikiumia inajibu kwa kumwaga rangi, ndiyo maana chunusi ndogo inakuachia doa la miezi. Asidi ya kuchuna ngozi iliyo kali, leza isiyofaa, sindano ndogondogo za kubingirishwa usoni, vyote ni majeraha ya makusudi, na ngozi yako haitajua ni ya urembo. Kuna leza inayovumilika zaidi kwa ngozi nyeusi, ile ya Nd:YAG ya nanomita 1064, kwa sababu mwanga wake haukamatwi sana na rangi ya ngozi, lakini mashine zile za mwanga mkali zinazotumika kwa wazungu kunyoa nywele zimeunguza watu wengi wa rangi yetu. Tundu la sindano ya filla mara chache linaleta keloidi usoni, hilo lisikutishe sana, lakini ngozi ikioza na kupona kwa kovu, kwa mtu kama wewe hilo kovu linaweza kukua. Na zile sindano za kubingirisha zikichanganywa na damu ya mteja mwenyewe inayorudishwa usoni kuna hatari nyingine kabisa: mwaka wa 2024 CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ilieleza jinsi wateja wa spa moja ya New Mexico isiyokuwa na leseni walivyoambukizwa virusi vya ukimwi kupitia huduma hiyo. Sindano ni sindano, haijali imeshikwa kwa urembo ama kwa matibabu.

Botox hukuuliza lakini najua utaambiwa uongeze kwa paji. Ni dawa tofauti kabisa na filla, haijazi, inalegeza misuli kwa kuzuia neva zisiiambie ikaze. Inaanza siku chache, inakamilika wiki mbili hivi, inaisha miezi 3 hadi 4. Ikienda pabaya kope linaanguka na hakuna dawa ya kuirudisha, unangoja wiki zipite. Chupa isiyofunguliwa inatakiwa kukaa kwa friji nyuzi 2 hadi 8, sasa fikiria iliyosafiri kwa mkoba. Mwaka wa 2024 kule Marekani walipata wagonjwa katika majimbo kadhaa waliougua kwa Botox feki au iliyodungwa na wasio na leseni, wengine wakalazwa. Na kwa anayepanga mimba, tunaiacha.

Kama baada ya haya yote bado unataka filla siku moja, na ni haki yako, angalia hivi. Jina la daktari litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari, KMPDC, iko mtandaoni na haulipi kitu, na kliniki yenyewe pia iwe na leseni. Cheti cha kozi ya wikendi kilichowekwa fremu ukutani hakimfanyi mtu awe daktari. Boksi lifunguliwe mbele yako, kibandiko chenye namba ya loti kibandikwe kwa faili yako na wewe upige picha. Upewe namba ya simu inayoshikwa usiku. Na uulizwe maswali mengi, mpaka uchoke. Mtu anayekudunga bila kukuuliza kama una jino linaloumwa, unatumia dawa gani, umewahi kupata malengelenge ya mdomo, huyo anakuona kama M-Pesa tu.

Lakini kwa harusi ya wiki sita, hata kwa daktari bora, mimi ningekuambia usianze kitu kipya cha sindano sasa. Uvimbe na michubuko inaweza kuchukua wiki mbili, marekebisho yanaongeza nyingine mbili, na ukipata shida utaolewa ukiwa na bandeji. Tumia hizi wiki kwa vitu vinavyofanya kazi taratibu: losheni ya kuzuia jua kila asubuhi, ile yenye rangi kidogo ni bora kwetu kwa sababu inazuia hata mwanga wa kawaida unaoendeleza madoa, na krimu ya asidi ya azelaiki kwa madoa ya chunusi, ambayo hata kwa anayetarajia mimba tunaona ni salama. Madoa hayataisha yote wiki sita lakini utaona tofauti. Pua mpe mtu wa meka-ap mzuri mfanye jaribio moja kabla ya siku, kivuli kidogo pembeni na mwanga katikati, picha zitatoka na pua imesimama na jioni unaosha na maji.

Sasa binamu yako, na hapa nataka muwe wepesi. Asifinye. Kitu kigumu kinachojitokeza miezi miwili baadaye kinaweza kuwa jeli imekusanyika tu, kinaweza kuwa mwili umeanza kuikataa, kinaweza kuwa bakteria wamejificha ndani yake, na kinaweza kuwa kitu ambacho si asidi ya hayaluroniki kabisa, na kila moja ina matibabu yake. Kufinya kunasambaza. Asinunue antibayotiki wala steroidi kwa kemisti kwa kubahatisha, na asikubali huyo dada amdunge kitu kingine juu yake. Ampigie amuombe picha ya boksi na jina la dawa, kwa upole tu ndio asikatae, halafu aende kwa daktari wa ngozi au wa plastiki wiki hii, ikiwezekana mahali wana mashine ya picha ya ultrasaundi, inaonyesha kilichopo ndani na kimekaa wapi. Kama panawaka moto, panauma, panatoa usaha au ana homa, hiyo si ya wiki hii, ni ya leo. Na akishatibiwa amuombe daktari apeleke ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu, wanapokea ripoti za dawa na bidhaa zilizodhuru watu, hata binamu mwenyewe anaweza kuripoti. Mwambie asije peke yake, umsindikize, na mje na hiyo picha ya boksi hata kama ni ya ukungu.